Maombi ya Mwenye Sola

Mwezi wa tisa ukikaribia, kata yetu nzima ya Kirushya inaangalia juu. Mashamba yameshalimwa, mbegu za maharage zimechaguliwa, na kanisani kila Jumapili yanatolewa maombi ya mvua. Watu wanaitikia "Amina" kwa sauti ya kutikisa bati. Mimi pia naitikia, ila sauti yangu inatoka nusu, kwa kuwa nina shamba la maharage bondeni na nina paneli ya sola juu ya nyumba, na hakuna mchana mmoja unaoweza kuviridhisha vyote viwili. Nilipomwambia mke wangu kwamba labda niombe mvua ya usiku tu, alisema huko ni kumpangia Mungu zamu.

Kinachonitesa zaidi ni jirani yangu wa upande wa chini, ambaye amevutiwa umeme wa gridi. Yeye anaitikia "Amina" mara mbili, moja ya maharage na moja ya taa, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme huo ni maji. Mabwawa yalipokauka mwaka 2006, yakakauka tena 2011, na mito ikapungua mwishoni mwa 2022, nchi iliingia kwenye mgawo. Siku hizi Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na humu humu wilayani kwetu, pale Rusumo, Mto Kagera unazungusha mitambo ya megawati 80 ambazo sisi, Rwanda na Burundi tunagawana sawa kwa sawa. Kwa hiyo wingu jeusi likitanda juu ya vilima, jirani anaona umeme wake unakuja, mimi naona wangu unaondoka. Tunasalimiana tu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nyumbani kwangu ni mlio wa inveta. Mawingu yakikaa siku nzima, paneli inatoa robo ya nguvu zake, pengine chini ya hapo, na jioni inveta inaanza kulia kabla hata taarifa ya habari haijaanza.

Msije mkadhani kiangazi ndiyo raha. Kuanzia Juni hadi Agosti jua ni la kumwaga, lakini na vumbi pia. Barabara ni ya udongo mwekundu, kila bodaboda inayopita inatuachia sehemu yake, na jioni watu wakichoma nyasi vilimani masizi yanashuka kumalizia kazi. Ikifika mwisho wa Agosti, paneli yangu ya wati 100 imebaki na jina tu.

Ndiyo maana kabla ya mvua ni lazima iandaliwe. Kwa maneno hiyo ni kazi ya asubuhi moja: kuosha kioo, kukaza nati ili upepo wa mvua za kwanza usije ukaipeleka paneli kwa wenyewe, kukagua waya, kukata matawi, kuitazama betri. Kwa vitendo ni kazi ya kijiji, kwa sababu inaanza na ngazi, na ngazi ndefu upande wetu ni moja, ya mzee katekista.

Ngazi ile haikodishwi. Mzee ukimtajia hela atakasirika. Anachosema ni, "Chukua, mwanangu, tutasaidiana," na kusaidiana huko hakuna tarehe ya mwisho.

Ngazi ikishaegemezwa ukutani watu wanajitokeza wenyewe, hakuna aliyeitwa. Mmoja akasema kioo kile kinataka sabuni ya unga. Mwingine akasema mchanga laini, ule wanaosugulia masufuria. Kijana wa bodaboda akasema petroli. Fundi aliyenifungia alishanieleza kwamba panatakiwa maji matupu na kitambaa laini, tena alfajiri, kioo kikiwa bado baridi, kwa sababu maji ya baridi kwenye kioo kilichopata moto yanaweza kukipasua, na mchanga unakwaruza. Nikawaeleza yote hayo nikiwa nimeshapanda nusu ya ngazi. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha yule wa mchanga akarudia mchanga.

Hakuna aliyesema chochote kuhusu nyigu.

Kati ya paneli na bati pana nafasi ndogo, kavu, yenye kivuli na hewa inayopita. Ningekuwa nyigu, ningejenga pale pale. Walikuwa wamejenga kiangazi chote bila kelele na bila kibali, na nilipoinua kitambaa kufuta pembe ya kwanza wakatoka kuuliza ni nani. Mtu aliye juu ya bati hana mahali pa kukimbilia. Nikawa napunga kitambaa huku na huku, na walio chini, ambao nyigu hawakuwaona, waliona mtu anacheza. Kijana wa bodaboda akaanza kupiga makofi. Nilishuka ile ngazi bila kukanyaga vipago vyote. Mzee katekista aliikagua kwanza ngazi yake, kipago kwa kipago, ndipo akanitazama uso uliokuwa umeanza kuvimba.

"Haijavunjika," akasema.

Nyigu waliondolewa usiku, kwa moshi, na mtu mwenye mizinga ambaye naye hakutaka hela. Yeye ana simu mbili za kuchaji.

Likafuata suala la mparachichi. Mti huo una tawi lililoinamia bati, na kuanzia saa tisa alasiri kivuli chake kinalala juu ya pembe ya paneli. Pembe tu, utasema. Lakini paneli ya namna hiyo ina seli 36 zilizoungwa kwa mfululizo, kama watu waliopanga mstari wanapokezana matofali: mmoja akiacha kupokea ili ajibu simu, wote wanasimama na tofali mkononi. Kivuli cha majani machache kinaweza kuondoa sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima. Nilimweleza mke wangu hivyo hivyo, na mfano wa matofali nikautoa.

"Tawi hilo lina maparachichi," akasema. "Paneli yako ina nini?"

"Mwanga."

"Tutaukaanga?"

Tukakubaliana tawi likatwe baada ya kuvuna. Maparachichi yalisikia mazungumzo yale, nina hakika, kwa sababu tangu siku hiyo yaligoma kukomaa.

Upande wa betri mambo yalikuwa ya kisayansi zaidi, yaani yalikuwa mabaya zaidi. Kwenye vichwa vyake palikuwa pameota unga mweupe wenye ukijani, ambao unazuia umeme kupita vizuri. Dawa yake ni magadi kwenye maji ya uvuguvugu, unasugua kwa mswaki wa zamani ukiwa umefunga vifuniko vya betri vizuri, unakausha, unapaka grisi. Magadi hayo hayo ndiyo mke wangu anayolainishia maharage. Siku hiyo maharage yalichelewa kuiva, akatafuta magadi kabatini, akayakuta chumbani pembeni ya betri, na mswaki wangu mpya ukiwa ndani yake, maana wa zamani haukuonekana. Betri ilikuwa imeng'aa. Ikishiba inasoma volti 12.7, na nilimwita aje aone namba. Hakuja.

Fundi naye alipita, akaukunja waya chini kidogo kabla haujaingia ukutani, ili maji yadondokee hapo badala ya kuufuata mpaka kwenye kontrola. Halafu akaongeza mwinamo wa paneli. Sisi tuko karibu sana na ikweta, jua linapita juu ya utosi, na paneli ingeweza kulazwa flati kabisa ikafanya kazi. Lakini iliyolala flati inatuamisha maji, na maji yakikauka yanaacha tope. "Mvua ni kibarua wako wa bure," fundi akasema. "Mpe mteremko afanye kazi." Hilo ndilo jambo jema pekee ambalo mtu wa sola amewahi kuniambia kuhusu mvua.

Mvua ilipokuja ilikuja na radi. Ukanda wetu huu wa Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani, na mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutusaidia kupanda maharage, hahitaji kuambiwa na mtu wa hali ya hewa. Ngurumo ya kwanza tu, alikuwa ameshafunika kioo cha sebuleni kwa kitenge na kuwaondoa watoto mlangoni. Mimi nikachomoa nyaya za paneli kwenye kontrola, na mvua ilipokatika nikazirudisha. Kila mmoja aliridhika na kazi yake.

Kesho yake jua likawaka kuliko siku zote. Kontrola ikasoma hakuna kinachoingia. Nikakaza nyaya, hakuna. Nikabadilisha fyuzi, hakuna. Nikampigia fundi, naye akauliza kwa upole, "Mwalimu, paneli inaliona jua?" Nikaona ananitania. Nilipotoka nje kutazama, juu ya bati kulikuwa na blanketi langu la kijivu, limelowa, limekandamizwa kwa mawe pembe zote nne. Ngazi ya mzee ilikuwa bado ukutani. Kijana wa bodaboda alikuwa ametumwa jioni iliyotangulia, nikiwa nimekwenda kwenye kikao shuleni, kwa sababu ngurumo zilisikika tena.

Nyumbani kwangu mtu habishani na mama mkwe. Likitokea jambo, mtoto anatumwa katikati, hata kama wote mmekaa ukumbi mmoja na mnasikiana.

"Mwambie bibi shikamoo," nikasema, "na muulize kuhusu blanketi."

"Bibi anasema marahaba. Anasema kioo cha ndani tulikifunika, kwa nini cha juu kiachwe uchi?"

"Mwambie bibi asihofu, radi ikianza huwa tunachomoa waya."

Mtoto akaenda, akarudi. "Bibi anauliza, radi itajuaje kwamba waya umechomolewa?"

Nilikaa na swali lile kwa muda. Ukweli ni kwamba kuchomoa waya kunaokoa kontrola, betri na taa, lakini paneli yenyewe inabaki juu kule na bahati yake. Nikamwambia mtoto akacheze.

Blanketi lilipoondolewa, kioo kilikuwa safi na cha baridi. Seli hizi hazipendi joto: kila nyuzi moja inayozidi 25, zinapoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake, na mwezi wa nane juu ya bati langu zinakaangika. Sasa zilikuwa zimepoa, vumbi limeoshwa, jua kali. Namba kwenye kontrola ikapanda kuliko nilivyowahi kuiona kiangazi kizima. Nikaita nyumba nzima. Safari hii hata mke wangu alikuja. Mama mkwe akaitazama ile namba, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanigeukia mwenyewe, bila mtoto.

"Unaona, baba? Ililala ikapata joto."

Kabla sijapata la kujibu, mjukuu wa mzee katekista akabisha hodi. Alikuwa na mfuko wenye simu za familia, simu ya mwalimu wa kwaya, redio, na spika ya harusi ya Jumamosi yenye ukubwa wa mbuzi.

"Babu anasema jua limewaka," akasema. "Na ngazi usiharakishe kuirudisha."