Jinsi ya Kushindanisha Njiwa Bila Kumla

Jiandae kwa swali kabla ya kujiandaa kwa njiwa. Bungoma, mtu akikuona unainua kinyumba cha mbao juu ya nguzo, atataka kujua utaanza kuchinja lini. Ukimjibu kwamba hawa ni wa mbio, ataitikia kwa upole, kisha aende kuwaambia wenzake kuwa Nairobi mambo hayakukunyookea.

Mtajie New Kim, njiwa jike wa Ubelgiji aliyeuzwa mnadani Novemba 2020 kwa euro milioni 1.6. Mkeo usimtajie. Atauliza wako wamefika bei gani.

Nunua makinda. Njiwa mzima ukimwachilia atarudi kwa aliyekuuzia, na aliyekuuzia analijua hilo vizuri sana. Kuna biashara sokoni zinazoendeshwa kwa ndege wawili tu.

Kuhusu mafunzo, Wazungu wana mbinu waiitayo ujane. Dume anatengwa na jike wake siku kadhaa, kisha kabla ya safari anaonyeshwa mwenzake kidogo tu na kutiwa kwenye tenga. Akiachiliwa, hana la kusimamia njiani. Yeyote aliyewahi kupanda basi la usiku la kwenda Magharibi mwisho wa mwezi anaielewa mbinu hii bila kuchorewa.

Siku ya mbio wapeleke Kitale kwa matatu. Tenga liweke mapajani, kwa sababu makanga atataka kulifunga juu ya gari, na mama wa kiti cha pili atauliza mnauza ngapi. Waachilie asubuhi, kabla Mlima Elgon haujakusanya mawingu ya mvua ya alasiri. Kwa njia ya angani ni kama kilomita 70, na njiwa mzuri hukata 80 kwa saa upepo ukitulia. Huko Ulaya mbio ndefu ni kilomita 500 kwenda juu, kwa hivyo safari yako wangeiita zoezi. Waache waseme. Hawajakutana na mwewe wa Kimilili, wala vijana wenye manati wakati wa likizo.

Usishangae pia ndege wako akifuata lami. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wa njiwa waliofungwa GPS nchini Italia, ulionyesha wakifuata barabara kuu na hata kukata kona kwenye njia za kutokea. Wako anaweza kushuka hadi Webuye ndipo akate kulia. Atakutangulia nyumbani, kwani yeye hasubiri gari lijae pale Kamukuywa. Mwachie mtu saa.

Kila nyumba ina umbali wake, hivyo mshindi ni mwenye mita nyingi zaidi kwa dakika, si wa kwanza kutua. Hesabu hiyo mpe mwalimu asiyefuga njiwa, la sivyo mtafikishana kwa chifu.

Halafu kuna mabati. Saa husimama njiwa akiingia ndani, na kutua juu ya paa si kuingia. Anaweza kutoka Kitale kwa kasi ya ajabu, kisha akae pale dakika ishirini akijichambua manyoya. Usipige kelele. Tikisa mkebe wa mahindi, piga mluzi, fukuza paka. Jirani akija na jiwe mkononi kukusaidia kumshusha, mkatalie kwa heshima zote: ndiye shahidi wako wa saa.