Masta kwa GPA ya Kuungaunga: Mwongozo kwa Asiyejua Aendako

Kama MC wa sherehe yako ya mahafali aliombwa kimyakimya asiitaje GPA, mwongozo huu ni wako. Umeandikiwa wewe unayeishi Dodoma, ambako kila meza ya nyama choma ina mtu anayesoma masta au anayedai anasoma. Baada ya Rais Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba Serikali yote inahamia huku, wizara zilikuja na maofisa wake, na maofisa wakaja na desturi ya kuulizana kabla hata mbuzi hajaiva: "Mheshimiwa, masta ulichukulia wapi?" Wewe ukasema bado unatafakari, ukaiinamia kachumbari.

Sasa acha kutafakari. Fuata hatua zifuatazo, na kila utakapoona nakusifia, shika mfuko wako.

Hatua ya kwanza: kubali namba yako

Vyuo vikuu vyetu hupima kwa mizani ya 5.0. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza. Kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, na 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini. Kuanzia 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Shangazi akisikia umepata pasi atapiga vigelegele, usimkatishe.

Mlango wa shahada ya uzamili kwa kawaida hufunguka kwenye 2.7. Ukiwa na 2.8 na umekuwa ukilia usiku, futa machozi, maana umekwishaingia sebuleni bila kujua. Ukiwa na 2.69, endelea kulia. Vyuo vingi hukata desimali ya pili, havikadirii kwenda juu, kwa hiyo 2.69 yako inasomeka 2.6. Usiende ofisi ya udahili kumfundisha dada wa kaunta kanuni ya kukadiria uliyoisoma shule ya msingi. Anaijua. Amekwishaelezwa na wenzako tangu asubuhi.

Kama bado uko chuoni, chukua kalamu, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Tuseme shahada yako ni ya miaka mitatu yenye krediti 360, yaani 120 kila mwaka, na umemaliza mwaka wa pili ukiwa na 2.5. Krediti 240 mara 2.5 ni pointi 600. Ili umalize na 2.7 unahitaji pointi 972, hivyo zimebaki 372 za kutafuta kwenye krediti 120. Hiyo ni wastani wa 3.1. Kwa kuwa B ni pointi 3 na B+ ni pointi 4, ukipata B karibu kila somo na B+ kadhaa, umefika. Inawezekana, ilimradi upunguze mechi.

Lakini wewe ulimwahidi baba mdogo 3.5. Haya, tupige hesabu. Zinahitajika pointi 1,260; toa 600, zinabaki 660; gawa kwa 120, unapata 5.5. A kwenye kila somo ni 5.0. Ahadi kwa baba mdogo itatimizwa siku chuo kitakapoanzisha daraja lililo juu ya A.

Hatua ya pili: usiende steshenari na mawazo mabaya

Steshenari ni mahali pa kutoa kopi, kuskani na kupiga picha za paspoti. Ila zipo ambazo, ukikaa muda mrefu kwenye benchi ukiitazama transkripti yako kwa huzuni, kijana wa kompyuta atakusogelea.

"Braza, hii mbili nukta sita mbona inatibika?"

"Inatibika vipi?"

"Hii mbili inakuwa tatu. Fonti ninayo. Hata muhuri hausumbui."

Hapo ndipo mtu wa Dodoma anatakiwa kukumbuka historia ya mji wake. Tarehe 28 Aprili 2017, hapahapa Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Wengine walikuwa na miaka mingi kazini, wajukuu, nyumba na mkopo wa benki. Rais akaamuru wote waondolewe. Na vile vilikuwa vyeti vya sekondari na ualimu, ambavyo uhakiki wake ulihitaji kufukua kumbukumbu za zamani. Transkripti yako haihitaji kufukuliwa: matokeo yako yote yamo kwenye mfumo wa chuo, na ofisa udahili akitilia shaka hupiga simu moja. Kama umesoma chuo kilekile unachoomba, hata simu hapigi, anageuza kiti tu.

Anayepeleka transkripti iliyotibiwa kwenye chuo kilichoitoa asahau kudahiliwa. Labda idara ya saikolojia imchukue kama sampuli.

Hatua ya tatu: andika maelezo binafsi bila kufiwa

Fomu nyingi zitakuomba ujieleze. Mwenye GPA ndogo hapa hupata fursa aliyoisubiri miaka yote, akaanza: mwaka wa kwanza bumu la mkopo lilichelewa, mwaka wa pili aliugua, mwaka wa tatu alifiwa na bibi, kisha na babu, kisha na yule bibi tena, na mwenzake wa chumbani alikoroma. Huenda yote ni kweli, isipokuwa bibi wa pili. Lakini msomaji ana rundo la fomu mezani, na kwenye rundo hilo bumu limemchelewea kila mtu.

Andika hivi badala yake: "Mwaka wa kwanza nilipata C nne. Mwaka wa tatu sikupata C hata moja, na mradi wangu wa utafiti ulipata B+." Huo ni ushahidi, na unaonekana kwenye transkripti bila kumwita shahidi. Kisha eleza ulichofanya tangu uhitimu na swali lililokukaa kichwani. Usiandike kwamba una kiu ya kuliletea taifa maendeleo. Kiu hiyo wanayo wote, hata waliokataliwa mwaka jana. Andika kwamba umefanya kazi na wakulima wa mtama Chamwino, umeona wanapewa mbegu za kisasa na hawazipandi, na unataka kujua sababu. Mhadhiri anayeishi kwenye nyanda hizi kavu, ambako mvua huja kati ya Desemba na Aprili na mwaka mwingine haitoshi, atasoma sentensi hiyo mara mbili. Hataiona tena GPA kwanza, atamwona mtu mwenye swali.

Hatua ya nne: mdhamini awe anakukumbuka

Chuo kitataka barua za wadhamini, mara nyingi wawili. Wengi humkimbilia profesa mwenye jina kubwa, ambaye aliwafundisha wakiwa mamia ukumbini na kumbukumbu yake pekee juu yao ni kelele. Barua yake itakuwa mistari mitatu: namfahamu, alikuwa mwanafunzi wetu, namtakia kila la heri. Wasomaji wa fomu wanajua barua ya namna hiyo ni maziko ya heshima.

Mtafute yule mwalimu kijana aliyesimamia mradi wako na kukurudishia rasimu imejaa wino mwekundu. Mwingine awe bosi wako wa kazini aliyekuona ukifanya kazi. Na usimwendee siku ya mwisho ya maombi saa kumi jioni na salamu ndefu: "Shikamoo Daktari, samahani kwa usumbufu, habari za siku nyingi, familia haijambo?" Daktari anajua kabla hujamaliza salamu kwamba unataka barua, na unaitaka leo.

Hatua ya tano: mlango wa pembeni ni halali

Wewe mwenye pasi ulidhani nimekusahau. Njia yako ipo na inaitwa stashahada ya uzamili. Ni masomo ya mwaka mmoja hivi, na ukiyamaliza vizuri, kwa kawaida ukiwa na 3.0 au zaidi, vyuo vingi hukupokea masta pamoja na pasi yako. Hapa Dodoma Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini hutoa stashahada za namna hiyo kwenye fani za mipango. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo hapa na hukuwezesha kusoma huku ukiwa kazini.

Utawakuta watu watakaokuambia njia hii ni ndefu na inadhalilisha. Wengi wao ndio waliokuwa wamekaa kwenye benchi la steshenari.

Hatua ya sita: ng'ambo nako wanajua kuhesabu

Kuna ushauri unaozunguka kwamba Wazungu hawajali GPA. Wanaijali, ila kila mmoja kwa lugha yake. Vyuo vingi vya Marekani huomba 3.0 kwenye mizani ya 4.0, na hapo ndipo kijana mwenye 3.0 ya Dodoma huruka kwa furaha na kuandika "3.0" bila kusema ni kati ya ngapi. Watauliza. Uingereza, udhamini wa Chevening huomba kiwango cha daraja la pili la juu pamoja na saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Udhamini wa Jumuiya ya Madola kwa masta nao huanzia hapohapo, ila humfikiria mwenye la pili la chini ikiwa ana sifa nyingine ya uzamili inayohusiana. Udhamini wa DAAD wa Ujerumani kwa kawaida hutaka shahada yako isiwe na zaidi ya miaka sita. Kwa hiyo ukiendelea kutafakari pale kwenye kachumbari, hata umri wa cheti utakukataa.

Hatua ya saba: pesa

Yule mjomba aliyekuahidi ada akiwa amekaa vizuri jioni, mpigie asubuhi. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, kipaumbele chake ni shahada ya kwanza. Wengi wanaosoma masta hujilipia. Na kama una kazi na ulikopeshwa ukiwa shahada ya kwanza, tayari asilimia 15 ya mshahara wako inakatwa kila mwezi kulipa masomo yaliyokuletea hiyo GPA. Sasa unataka kutumia mshahara uliobaki kununua GPA nyingine. Ni uamuzi wa kishujaa, kwa hiyo mshirikishe mwenzi wako kabla hujaomba namba ya malipo.

Hatua ya nane: umeingia, hongera, pole

Barua ya udahili imefika. Umeipiga picha, umeiweka statasi, umebadilisha maelezo ya WhatsApp kuwa "Mtafiti". Vizuri. Jua tu kwamba ile C iliyokubeba shahada ya kwanza haibebi mtu huku. Kwenye masomo ya uzamili, alama ya kufaulu kwa kawaida ni B. Darasani jioni utakaa na mkurugenzi msaidizi anayesinzia baada ya siku nzima wizarani Mtumba, na binti wa 4.2 ambaye amekwishasoma makala zote za juma. Kaa karibu na binti.

Kisha inakuja tasnifu. Hapa hufukuzwi, unapotea tu. Masomo ya darasani yana ratiba na mitihani; tasnifu ina wewe, msimamizi na ujumbe wenye tiki mbili za bluu. Kwenye karatasi masta ni miaka miwili, na wapo waliofika mwaka wa nne wakiwa bado "wanamalizia sura ya tatu". Utashawishika kumlipa mtu akuandikie. Usithubutu: siku ya kujitetea utaulizwa kwa nini ulichagua sampuli hiyo, na mwandishi wako atakuwa nje akisubiri malipo ya awamu ya pili.

Hatua ya mwisho: soma tangazo la kazi kabla ya kulipa ada

Hatua hii ilipaswa kuwa ya kwanza, lakini ungeisoma kwanza usingeendelea. Wengi huifuata masta wakiamini itaifuta GPA ya shahada ya kwanza. Haiifuti. Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, ambayo kwa miaka sasa anwani yake imekuwa majengo ya Dkt. Asha-Rose Migiro hapohapo Chuo Kikuu cha Dodoma, utafute nafasi za ualimu wa vyuo vikuu. Mkufunzi msaidizi: GPA ya shahada ya kwanza isiyopungua 3.8. Mhadhiri msaidizi: 4.0 ya masta pamoja na ileile 3.8 ya shahada ya kwanza. Kwenye fani nyingi ndivyo ilivyo. Mwenye 2.8 anaweza kupata masta ya 4.6 na bado asimfikie mhadhiri wake kwenye kiti hicho cha serikali.

Kisha angalia nafasi za maofisa wa daraja la pili. Nyingi zinataka shahada ya kwanza tu, kisha usaili wa kuandika. Kwenye chumba cha usaili hakuna anayeuliza masta, na mwenye pasi aliyejisomea vizuri humwacha mwenye masta aliyekuja na suti.

Kwa hiyo kama lengo lako ni kufundisha chuo kikuu cha umma na shahada ya kwanza ina 2.9, ada hiyo itunze. Kama unataka kupanda hapo kazini, muombe ofisa utumishi akuonyeshe muundo wa kada yako, usome kwa macho yako panapotakiwa masta. Na kama kweli unataka kujua kwa nini wakulima wa Chamwino hawapandi ile mbegu, nenda kaombe leo. Mlango wa 2.7 uko wazi, na wa stashahada uko wazi kwa aliyebaki nje.

Atakayekuuliza kwenye nyama choma masta ulichukulia wapi, mwambie bado. Kisha muulize yake imemsaidia nini.