Laptopu Yangu, Ruhusa ya Nani?

Mfumo endeshi wa Ubuntu ni wa bure, bando si la bure. Mwenye steshenari hapa Maisaka hulijua hilo mapema: hata hajaprinti barua moja ya maombi ya kazi, programu zimeshajisasisha kwa pesa yake. Snap, mtindo wa kufungasha programu ulioletwa na Ubuntu 16.04 mwaka 2016, huchungulia matoleo mapya mara 4 kwa siku bila kumuuliza mtu. Aliyepanga hivyo hajawahi kununua MB za buku.

Flatpak, mtindo mwingine wa kufungasha programu, nayo ina vituko vyake. Umeomba kikokotoo tu, kinakuja na maktaba za mamia ya MB, kama mpangaji anayehamia chumba kimoja na tangi la maji, jenereta na choo chake. Eti programu nyingine nazo zitazitumia maktaba hizo, mradi zikubaliane toleo. Thubutu!

Yote hayo nayavumilia. Kilichoniumbua ni ulinzi. Kwa kawaida programu ya mitindo hii hufungiwa ndani ya uzio wake, isiguse kisichoihusu. Wazo zuri, hasa ukizijua flashi zinazozunguka hapa Babati, virusi vingi kuliko nyaraka. Basi akaingia mama mmoja mwenye kadi za mchango wa harusi kwenye flashi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nitolee hamsini upesi, bodaboda ananingoja."

Faili naliona. Nalibofya, programu inasema sina ruhusa. Umeme nalipa mimi, pango nalipa mimi, ruhusa sina!

"Mwanangu, mbona jana kule stendi ilifunguka?"

Nikaanza kumweleza habari za uzio. Akanitazama, akaitazama laptopu.

"Kwani hii ni yako, au umeazimwa?"

Dawa yenyewe ni mstari mmoja: sudo snap connect, kisha jina la programu, nukta pacha, removable-media. Au unalinakili faili kwenye folda ya Nyaraka. Kwa Flatpak kuna Flatseal ya kugawia ruhusa, nayo yenyewe huja kwa Flatpak. Nilipomaliza, mama alishapanda bodaboda kurudi stendi.

Wenye steshenari wenzangu, programu za kuprintia zisakinisheni kwa apt, njia ya kawaida ya Ubuntu isiyo na uzio huo. Snap izuieni kwa snap refresh --hold, inakubali tangu toleo 2.58. Uzio waachieni vivinjari, ndivyo vinavyokutana na watu wa kila aina.