Chambo cha Mti na Mkono wa Kanzu

Watu wa Indiana, katika nchi ya Marekani, wana dasturi ya kutandaza uani vyombo vyao vikuukuu wakati wa kiangazi na kuviuza kwa bei ya kutupa. Na kwa kuwa mpwa wangu, aliyelowea huko, alinihimiza twende kutazama, nami nimevaa kanzu yangu ya Ijumaa, nilitia mkono katika sanduku la seremala kwa nia ya kutoa randa, nikatoa samaki wa mti, amening'ang'ania mkono wa kanzu kwa ndoana mbili kati ya tatu alizonazo, na kila ndoana ina ncha tatu.

Nilitaraji kuletewa koleo. Mzee mwenye nyumba alileta kioo cha kukuzia, akanishika kifundo kwa taadhima ambayo, nilifahamu punde, haikuwa yangu.

"Usivute, bwana! Ndoana hizo ni za asili."

Akatangaza kwamba mti ni mwerezi, na kwamba macho ni ya kioo, si ya kuchorwa, jambo lililompendeza mno. Katika kile kibati cha mdomoni, kinachompa samaki mwendo wa kuyumba majini, akasoma jina la Creek Chub, kampuni ya mji wa Garrett, huko huko Indiana, pamoja na tarehe: 7 Septemba 1920.

"Basi, Mjomba, umri wake umejulikana," akasema mpwa wangu.

Mzee alighadhibika. Tarehe hiyo, alisema, ni ya hati ya serikali iliyolinda uvumbuzi wa kibati, nayo iliendelea kupigwa chapa miaka mingi baadaye. Yathibitisha tu kwamba kibati hakikupigwa chapa kabla yake. Rangi nayo haina amana, kwani mtu yeyote aweza kuipaka upya jioni moja. Penye ushahidi ni kwenye chuma, yaani jinsi ndoana zilivyofungwa tumboni, na tundu za parafujo, kama zimepata kuchokorwa. Hoja hizi niliziona madhubuti, na ningalimpongeza lau mkono wangu usingalikuwa hewani.

Hapo jirani akadakia habari za George Perry, ambaye tarehe 2 Juni 1932, katika jimbo la Georgia, alimvua samaki aina ya bass mwenye ratili 22 na wakia 4 kwa chambo cha kampuni hiyo hiyo, akampeleka nyumbani, akaliwa. (Katika mjadala wote ule, hilo la kuliwa ndilo jambo la pekee nililoliona la akili.)

Hatimaye mke wa mzee alitokea na mkasi, akauliza kwa upole ni kipi kilicho rahisi zaidi. Macho yote yakaelekea kanzu.

Jirani alimnunua samaki palepale, na kipande changu cha kitambaa kikining'inia tumboni. Nasi hatujafika langoni nilimsikia akimwuliza mzee kama hicho nacho ni cha asili.