Vipande Saba na Mkasi Butu

Tangramu ni mchezo wa Kichina wa vipande saba vinavyokatwa kutoka mraba mmoja: pembetatu kubwa mbili, ya wastani moja, ndogo mbili, mraba mdogo na msambamba. Mchezaji huvipanga vyote, bila kimoja kupanda juu ya kingine, mpaka apate paka, mashua au mtu anayekimbia. Kitabu cha zamani zaidi kinachojulikana cha mafumbo hayo kilichapishwa China mwaka 1813. Mmarekani Sam Loyd alipotoa chake mwaka 1903, aliupa mchezo umri wa miaka 4,000, tena na mungu aliyeubuni. Yote aliyatunga, na watu wazima wenye elimu zao wakameza.

Darasani kazi huanza na boksi la sabuni. Mraba wa sentimita 16 hukatwa kwa mshazari. Nusu moja ikikatwa tena katikati, pembetatu kubwa mbili zimepatikana. Nusu ya pili ndiyo yenye visa. Ncha yake ya pembe mraba hukunjwa hadi iguse katikati ya upande mrefu, na sehemu iliyokunjwa ndiyo pembetatu ya wastani. Mtoto aliyekisia hiyo katikati, akatumia na mkasi unaotafuna badala ya kukata, hupata vipande saba ambavyo havitarudi kuwa mraba hata vibembelezwe. Kwa kawaida hukimbilia gundi.

Kisha huja kesi ya rula. Upande wa mraba mdogo ni kama sentimita 5.66. Mtoto anayesubiri namba kamili huilaumu rula, huazima ya jirani, halafu humlaumu jirani. Kumbe mshazari wa mraba huo ni sentimita 8 kamili, na ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2 ndipo upande hupatikana. Desimali zake haziishi.

Ugomvi mkali zaidi ni wa eneo. Msambamba umerefuka, kwa hiyo aliyeushika huamini kapewa kikubwa, kama anayechagua mhogo kwa urefu. Pembetatu ndogo mbili humaliza shauri: zikiunganishwa hufunika msambamba, kisha mraba, kisha pembetatu ya wastani, bila kubaki nafasi. Kila kimoja ni sentimita za mraba 32, yaani sehemu moja ya nane ya mraba wa mwanzo.

Msambamba una ukaidi mwingine. Vipande sita hukaa popote kwa kuzungushwa tu, lakini wenyewe wakati mwingine lazima ugeuzwe kifudifudi, na hapo samaki aliyepakwa rangi vizuri hutokea na tangazo la sabuni mkiani. Anayepaka rangi pande zote mbili huepuka aibu hiyo.

Wanaomaliza mapema na kuanza kurushiana vipande hupewa kazi ya kutafuta maumbo yasiyo na kona iliyobonyea ndani. Yapo 13 tu, kama walivyothibitisha Fu Traing Wang na Chuan-Chih Hsiung mwaka 1942. Kengele ya mapumziko hulia kabla ya la tano.