Gwiji wa Konsonanti Ahutubia

Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa, ingawa mshereheshaji amenitambulisha harakaharaka na kusahau kabisa kuwa mimi ni Daktari. Cheti kimo mkobani. Atakayetaka kukiona aje baada ya chai, asikiguse.

Nimeitwa niwaeleze konsonanti za Kijerumani. Hapo kale P iligeuka PF, T ikawa TS au SS, K ikawa CH. Ndiyo maana Mwingereza anasema apple na water, Mjerumani anasema Apfel na Wasser. Sababu? Baridi! Midomo ikiganda, pumzi hutoka kwa kishindo. Nadharia hii ni yangu peke yangu. Kitabu kiko kwa mpiga chapa, tunavutana kidogo kuhusu malipo.

Naona binti wa mbele kanyoosha mkono. Anasema mageuzi yalishika kusini, na huko kaskazini, kwenye pwani ya baridi kali, lahaja za wenyeji zimebaki na Water na Appel. Mwanangu, baridi ya kaskazini haijasoma.

Mpaka wenyewe nimeufikia. Unakata mto Rhine pale Benrath, Düsseldorf: kaskazini maken, kusini machen. Mtafiti wa lahaja Georg Wenker, kuanzia 1876, ilibidi awatumie walimu wa shule sentensi wazigeuze kwa lahaja za kwao, maelfu wakamjibu. Mimi nilisimama stesheni na koti hili hili, sufu tupu (mpiga picha, upande wa kushoto tafadhali), nikatega sikio. Kila mtu alisema machen, pande zote mbili. Bila shaka walijua nani anasikiliza, wakajitahidi kuongea Kijerumani sanifu.

Kuhusu wakati, nimethibitisha kwamba mambo yote yalikwisha enzi za Julius Caesar. Ushahidi ni Attila, mfalme wa Wahunni. Hao ni kabila, si wale wa stendi. T yake ilipogeuka, Wajerumani wakamwita Etzel. Naye Attila alifariki mwaka 453... Mnacheka nini? Caesar aliishi sana.

Wengine huniita Grimm wa Afrika. Jina hilo silitaki. Jacob Grimm alitoa kanuni yake ya mageuzi ya konsonanti mwaka 1822, wakati Mdenishi Rasmus Rask alishachapisha sehemu kubwa ya mambo hayo 1818. Mimi maandishi yangu hakuna aliyeyatangulia, kwa kuwa hakuna aliyeyaona.

Sasa maswali, matatu tu. Binti, wewe kaa chini.