Bila Mayai

Walimu wa Kiswahili waliamua laptopu iitwe kipakatalishi, yaani ya kupakatwa. Yangu ukiipakata inakubabua mapaja. Niliinunua mtumba, imeshakula miaka kumi na ushee, nikaja nayo hapa Kwa Vonza ambako jua nalo halihitaji msaidizi.

Ilianza na mistari. Nawasha asubuhi, kioo chote ni mistari ya wima: mwekundu, samawati, mwekundu, samawati. Fundi wa pale stegi aliitazama sekunde tatu akasema ni Windows. Kwa fundi huyu kila ugonjwa ni Windows. Nadhani hata pancha. Akaifomati kwa shilingi 500, nikarudi nyumbani na mistari ileile, ila picha za harusi ya dada yangu hazipo.

Nikaamua kupima mwenyewe. Kasoro ikiwa kwenye kioo au waya wake, televisheni ya nje itatoa picha safi. Ikiwa kwenye chipu ya picha, balaa litaifuata hadi huko. Televisheni iliyokuwa karibu ni ya banda la mpira, na mwenyewe akaniruhusu mchana, kabla watu hawajajaa. Kuchomeka tu, mistari ikatanda inchi 50. Mzee aliyekuwa akisinzia benchi la nyuma akainua kichwa.

"Barcelona wanacheza na nani?"

Basi ni chipu. Ndani yake kipande cha silikoni hukalia kibao chake juu ya vitone vya lehemu vidogo mno. Joto likipanda kila kimoja hutanuka kwa kiasi chake, likishuka husinyaa, na miaka ikipita kitone kimoja hupata ufa. Sikulogwa peke yangu: Julai 2008 kampuni moja kubwa ya Marekani ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa sababu ya chipu zake za laptopu zilizokuwa zikifa hivyohivyo. Yangu ilikuwa na sababu ya ziada. Nilipoifungua, feni ilikuwa imevaa vumbi jekundu ambamo ungeweza kupanda ndengu.

Dawa ya muda ni kuoka. Wenye oveni huitoa bodi, wakaiweka kwenye nyuzi 200 hivi kwa dakika kama nane, vitone vikashikana tena kwa muda. Mafundi wa kweli husema huko ni kumpa aliyevunjika mguu panadoli. Hawajakosea, lakini chipu mpya ingenigharimu kuliko laptopu yenyewe.

Oveni sina; jirani ninaye. Huyu mama huwaokea wanafunzi wa chuo kikuu keki za bathidei katika sufuria kubwa yenye mchanga, jiko chini, makaa juu ya kifuniko.

"Aiya! Mwanangu, nikupikie kompyuta?"

"Dakika nane tu, mama."

"Na mayai?"

Alikubali kwa sharti nije na sufuria yangu, maana keki haipikwi palipopikwa risasi.

Shida ya mchanga ni kwamba hauna namba. Nikaweka kando ya bodi kipande cha waya wa kulehemu, ule wa bati 63 na risasi 37, ambao huyeyuka kwa nyuzi 183. Tukachungulia kwa zamu. Waya ukalegea, ukainama, kisha ghafla ukajikunyata ukawa tone linalong'aa.

"Imeiva," jirani akasema, akaepua.

Ikapoa usiku kucha. Asubuhi nikaifunga, skrubu tatu zikabaki kama kawaida, nikawasha. Kioo cheupe pe!

Tamaa ikanipata. Kati ya chipu na bomba la kupozea mlikuwa na nafasi iliyozibwa kwa kijigodoro laini. Nikataka bamba la shaba mahali pake. Susu, nyanya yangu, akafungua kitambaa chake akanipa senti kumi ya enzi za mkoloni. Sarafu nzito, ya shaba, na yenye tundu katikati, palepale joto linapotokea. Nikamrudishia kwa mikono miwili.

Siku ya ishirini na tatu Barcelona wakarudi uwanjani. Nikachukua sufuria yangu nikabisha kwa jirani. Akaniambia wiki hiyo ni ya mahafali, ana oda za keki hadi kooni, niache bodi nitaitwa. Ipo rafuni, kati ya unga na vanila, na juu yake amebandika karatasi: "Ya jirani. Bila mayai."